Kijana Amejiua, Familia Imebaki: Mwongozo wa Kusimama Tena

Mwongozo huu nimewaandikia wazazi, walezi na ndugu wa hapa Kigoma, na wenzetu wa Tabora, waliompoteza kijana kwa kujiua. Nimewaandikia pia majirani wanaokuja kukaa matangani wasijue waseme nini. Mtoto akifa kwa malaria au kwa ajali ya bodaboda, watu huja kulia pamoja nawe. Kijana akijiua, wengi huja wakinong'ona. Familia inabeba jeneza, aibu na swali la kwa nini, vyote kwa siku moja.

Ninaloamini, na ndilo linaloongoza kila hatua hapa chini, ni kwamba ukweli ukisemwa mapema na kwa upole ndani ya nyumba unawalinda waliobaki. Ukifichwa, watoto watauokota barabarani ukiwa umeshachafuliwa.

Kama wewe unayesoma ndiye unayewaza kufa, acha kusoma kwanza. Mwite mtu mmoja akae nawe sasa hivi, mwambie waziwazi unachokiwaza, kisha mwende hospitali iliyo karibu. Mtoto au kijana anaweza kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Haina malipo.

Hatua ya 1: Siku ya kwanza, mchague mtu wa kusimama mbele

Baba na mama wa marehemu wasiachiwe kazi ya kuzungumza na kila anayeingia. Mchagueni mmoja mwenye utulivu, baba mdogo, mjomba au shangazi, awe ndiye msimamizi, anayezungumza na mwenyekiti wa mtaa, polisi, hospitali na viongozi wa dini. Kifo cha namna hii ni lazima kifike polisi. Wataandika maelezo, na mwili utapelekwa hospitali kwa uchunguzi. Kwa walio karibu na Kigoma mjini mara nyingi ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na kwa Tabora ni Kitete. Maswali ya polisi yanauma, na mama anaweza kuhisi anashtakiwa. Mwambieni mapema kwamba huo ndio utaratibu wa kila kifo cha ghafla, na mtu mmoja akae pembeni yake wakati anaandikisha maelezo.

Kama kijana aliacha barua, polisi wanaweza kuichukua. Ombeni kupiga nakala yake. Msiisome mbele ya watu, na isiingie WhatsApp. Simu yake izimwe na ihifadhiwe na mtu mzima mmoja. Wapo wanaokimbilia kuifuta kila kitu kwa hasira au kwa aibu, halafu baada ya miezi sita mama anatamani kuisikia sauti ya mwanawe na haipo tena. Picha za mwili au za mahali alipofia zisipigwe kabisa. Kama zimeshapigwa, msimamizi awafuate waliozipiga, mmoja mmoja, awaombe wazifute mbele yake.

Kuna jambo dogo la kiserikali ambalo familia nyingi hulisahau. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30 ili mpate cheti kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na ofisi yao ya wilaya kwa kawaida iko kwa Mkuu wa Wilaya. Msimamizi alishughulikie hilo kabla hajarudi kwake.

Hatua ya 2: Mkubaliane sentensi moja

Jioni hiyohiyo, au kesho yake asubuhi kabla watu hawajajaa, wakubwa wa familia wakae chumbani wakubaliane maneno watakayoyasema wote. Sentensi fupi inatosha: "Mtoto wetu alikuwa na maumivu makubwa ya moyo na akili, na amefariki kwa kujiua. Tunaomba mtuombee." Anayetaka kujua zaidi ajibiwe hivi: "Mengine ni ya familia."

Namna alivyokufa haitajwi matangani wala haisimuliwi. Hapo hakuna uongo wowote. Kusimulia namna kunawatia hatarini vijana wengine wenye maumivu kama yake, na ndiyo maana hata waandishi wa habari hushauriwa wasiieleze. Kusema alijiua ni jambo moja, kueleza alivyofanya ni jingine, na familia ina haki ya kusema la kwanza na kunyamazia la pili.

Najua wapo wazee watakaosema, "Semeni aliumwa tumbo tu, mambo yaishe." Wanataka kuwafunika wazazi, na nia yao ni njema. Lakini mtaani Ujiji au Gungu, au kule Isevya, Tabora, taarifa imeshafika kisimani kabla maiti haijafika nyumbani. Mtoto wa miaka tisa ataambiwa na mwenzake shuleni. Atakaporudi nyumbani na kukuta wakubwa wanasema ni tumbo, atajifunza kwamba nyumbani kwao kuna jambo lisilozungumzwa, na siku naye akiumia moyoni atanyamaza vilevile.

Hatua ya 3: Waambieni watoto, na muwaambie wenyewe

Wasiambiwe na jirani. Waambiwe na mama, baba au mtu wanayemwamini sana, wakiwa wameketi, mkono umeshikwa. Kwa mdogo: "Kaka amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi. Alikuwa na ugonjwa kwenye mawazo yake, ukamuumiza mpaka akajiua. Hakuna ulichokifanya wewe kikamfanya afe." Sentensi hiyo ya mwisho irudieni mara nyingi. Watoto wengi huamini kimyakimya kwamba kifo kimetokana nao, kwa sababu juzi waligombana na marehemu kuhusu simu, au walimsemea kwa baba.

Msiseme amelala, kwa kuwa mtoto ataogopa kulala. Msiseme amesafiri, kwa kuwa atamsubiri stesheni. Na msiseme Mungu amempenda zaidi, kwa maana mtoto mwenye huzuni anaweza kutamani kupendwa namna hiyo.

Mkubwa wa miaka kumi na zaidi atakuwa na maswali magumu. Mjibuni mnachokijua, na msichokijua mwambieni, "Hilo hata mimi sijui, mwanangu, nami linanisumbua." Jibu hilo humtuliza zaidi kuliko hadithi ya kutunga.

Hatua ya 4: Mazishi na dini

Hapa ndipo wazazi wengi huumizwa mara ya pili, na mara nyingi na watu wasiojua mafundisho ya dini yao wenyewe. Msimamizi aende mapema kwa sheikh, padri au mchungaji, wazungumze faragha kabla ya siku ya kuzika, ili jambo hili lisijadiliwe kaburini.

Kwa Waislamu: ni kweli kwamba katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) hakumswalia mtu aliyejiua. Lakini Imamu Nawawi, akiifafanua hadithi hiyo, anaeleza kuwa wanazuoni wengi, akiwemo Imamu Shafii ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, wanaona aliyejiua ni Muislamu wa kuswaliwa, na kwamba Mtume alijizuia yeye ili kuwaonya watu, huku masahaba wakimswalia. Basi maiti inaoshwa, inakafiniwa, inaswaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Katika kitabu hichohicho imo habari ya swahaba aliyehama na Tufail bin Amr, akajiua kwa kushindwa kuvumilia ugonjwa, na Mtume akamwombea msamaha. Sheikh mwenye elimu anaijua habari hiyo. Mwombeni aisimulie.

Kwa Wakatoliki: sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa ikiwanyima mazishi waliojiua kwa makusudi, na wazee wengi bado wanaikumbuka hiyo. Sheria ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inasema kuwa maradhi makubwa ya akili, uchungu na hofu nzito hupunguza wajibu wa mtu kwa alilolitenda, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, kwani Kanisa linamwombea. Ombeni Misa. Jumuiya ndogondogo ije kusali nyumbani kama inavyokuja kwa marehemu mwingine yeyote.

Kwa Waanglikana wa upande wa Kasulu, Wamoraviani wa Tabora na Sikonge, Walutheri na Wapentekoste, mengi hutegemea mchungaji mwenyewe. Mwulizeni mapema atahubiri nini. Mwambieni kuna watoto watakaosikiliza, na kwamba mahubiri ya jehanamu juu ya jeneza la kijana hayamwokoi yeyote. Akisita, mwombeni mwingine.

Kaburi liwe mahali pake pa kawaida penye ndugu zake. Desturi za kumzika pembeni, au usiku bila ibada, zimewaachia wazazi vidonda visivyopona. Wazee wenye busara wanaweza kuziacha, na nimewaona wakiziacha.

Hatua ya 5: Matanga, na swali la "nani"

Watani waambiwe mapema kwamba msiba huu hauna mizaha juu ya marehemu. Watani wetu ni watu waungwana na wataelewa. Wabebe maji, wapike, waosha vyombo wasaidiwe. Utani juu ya mengine usubiri.

Kisha kuna swali litakaloingia usiku, wanaume wakiwa wamezunguka moto. Nani amemfanya? Mtoto mzuri, ana akili darasani, anajiuaje? Atatokea mtu mwenye mganga wake, Tabora au ng'ambo ya Malagarasi, na familia itashawishika kwenda kupiga ramli. Nawasihi kwa nguvu zote msiende. Mkienda na huzuni mtarudi na jina, na jina hilo litakuwa la bibi, la shangazi au la jirani mjane. Ramli chonganishi imeshavunja koo nzima mikoani kwetu na imeshasababisha vikongwe kuuawa. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi. Mtoto aliyekufa hatarudi, na waliobaki watakuwa wamempoteza pia bibi yao.

Swali hilohilo huja pia likiwa limevaa nguo nyingine: ni mwalimu aliyemchapa, ni msichana aliyemwacha, ni baba aliyemkaripia kwa matokeo. Mkiketi na wataalamu wa afya ya akili watawaambia kuwa kujiua karibu kila mara hutokana na mambo mengi yaliyokutana: ugonjwa kama sonona (huzuni nzito isiyoondoka), pengine pombe au bangi, kunyanyaswa, kufiwa, aibu, na saa moja mbaya ambayo hakuwepo mtu. Lile la mwisho kutokea ndilo linaloonekana, kwa hiyo ndilo linalobebeshwa lawama. Kama kijana alidhulumiwa kweli, kwa mfano alibakwa au alitishwa kwa picha zake, hilo lipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, lishughulikiwe kwa ushahidi. Lisishughulikiwe kwa hasira za matangani.

Na msidhani nyumba yenu ndiyo peke yake duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu kwa kuua.

Hatua ya 6: Walindeni waliobaki

Hatua hii ndiyo ninayoiogopea kuliko zote, kwa sababu huja watu wakiwa wameshaondoka. Ndugu na marafiki wa kijana aliyejiua wanakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwaza kufa kuliko vijana wengine. Pacha wake, mdogo aliyelala naye chumba kimoja, rafiki aliyekuwa na siri yake, binamu aliyemkuta. Waandikeni majina yao kwenye karatasi, halafu kila mmoja apewe mtu mzima mmoja wa kumfuatilia kwa mwaka mzima. Shangazi huyu na mtoto huyu. Baba mkubwa na yule.

Mtoto wa kuangaliwa kwa karibu ni anayesema anataka kumfuata mwenzake, anayegawa vitu vyake, asiyelala, asiyekula, aliyeanza kunywa, aliyeacha shule, au aliyekuwa akilia kila siku kisha ghafla ametulia na anaaga watu. Ukiona hayo, uliza kwa maneno yaliyonyooka: "Mwanangu, umewahi kuwaza kujiua?" Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kuuliza hakumpi wazo, na wengi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyeliona.

Akisema ndiyo, usipige kelele, usimhubirie, usimwambie anataka kumuua mama yake kwa presha. Mwambie, "Ahsante kwa kuniambia. Siondoki." Usimwache peke yake hata usiku. Dawa za shamba, ziwe za pamba au za tumbaku, dawa za mifugo na vidonge vyote vifungiwe kwa kufuli au vihamie kwa jirani. Hilo la kufuli linaonekana dogo, lakini ni katika njia zenye ushahidi mkubwa zaidi za kuokoa maisha, kwa sababu wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda kwa muda mfupi kisha hushuka. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kuna wazazi wanaoficha mtoto aliyejaribu kujiua kwa hofu ya polisi. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Hata hivyo hospitali ndiyo inayotangulia. Mtoto aliye hai anaweza kutetewa na daktari, na afisa ustawi wa jamii, na wakili.

Hatua ya 7: Shule

Mzazi au msimamizi amwone mkuu wa shule na mwalimu wa malezi na unasihi kabla ndugu wa marehemu hawajarudi darasani. Ombeni mambo matatu: walimu waitumie sentensi ileile ya familia, mstarini pasifanywe hotuba ya kumtukuza wala ya kumlaani marehemu, na kiti chake kisiwekwe mapambo wala kisiondolewe ghafla mbele ya wenzake. Mtoto anayerudi apewe ruhusa ya kutoka darasani anapozidiwa, bila kuulizwa mbele ya watu.

Hatua ya 8: Baba na mama

Mama hulia, baba huondoka. Si wote, lakini ndivyo inavyokuwa mara nyingi kwetu. Mvuvi wa dagaa anarudi ziwani mapema kuliko anavyopaswa, kwa sababu gizani kwenye boti hakuna anayemwuliza kitu. Mkulima anahamia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mke anamwona hana uchungu. Mume anamwona mke anayafukua maumivu kila jioni. Ndoa nyingi huingia ufa hapo, kila mmoja akidhani mwenzake ameshasahau. Wekeni nusu saa, mara mbili kwa wiki, ya kumzungumzia mtoto wenu kwa jina lake, watoto wengine wakiwa wamelala. Muda huo ukiisha, zungumzeni mengine.

Hatia itakuja kwenu nyote wawili: ningeamka mapema, nisingemkaripia, ningemwona. Ulikuwa unaona ulichoweza kukiona siku ile. Leo unajua mwisho, siku ile hukuujua. Hasira juu ya marehemu nayo itakuja, na itawatisha. Ni sehemu ya huzuni, haimaanishi humpendi.

Zikipita wiki kadhaa halafu hulali, huli, pombe imeongezeka, au unatamani usiamke, nenda hospitali ya wilaya ukaombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Maweni na Kitete, kwa kuwa ni hospitali za rufaa za mikoa, ndizo pa kuelekea mkihitaji daktari zaidi. Ikishindikana huko, wao ndio watakaoandika rufaa, hata mpaka hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ana wajibu kwenu. Mfuateni ofisini, msisubiri aje.

Hatua ya 9: Baada ya arobaini

Nguo zake msizigawe kwa shinikizo la mtu yeyote. Hitma au misa ya arobaini haina maana kwamba chumba lazima kiwe kitupu. Mkiwa tayari, kila ndugu achague kitu kimoja, kisha mengine yatolewe. Mkitaka kumpa mtoto atakayezaliwa jina lake, subirini kwanza huzuni ipungue, mtoto huyo asije akabebeshwa kuishi maisha ya mwingine.

Tengenezeni kalenda ya siku ngumu. Idi, Krismasi na siku yake ya kuzaliwa mtazikumbuka wenyewe. Inayosahaulika ni ile siku ya Januari matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na wenzake wa darasa wanapiga vigelegele mtaa mzima. Siku hiyo mama asiwe nyumbani peke yake. Dada yake amchukue waende sokoni Kibirizi, au wapande mpaka Manyovu kwa ndugu, popote.

Mtu akiuliza una watoto wangapi, jibu lolote utakalochagua ni sahihi. Wapo wanaosema wanne, wapo wanaosema wanne na mmoja amefariki. Mwaka mwingine unaweza kubadilisha.

Hatua ya 10: Itafuteni familia nyingine

Kunaweza kuwa na familia nyingine kwenye kata yenu iliyopitia haya na haijawahi kusema. Padri, imamu au muuguzi wa zahanati huwa anaijua. Mwombeni aiulize kama iko tayari kukutana, bila kuwatajia jina mpaka wao wakubali. Familia mbili zinatosha kuanza. Kutaneni nyumbani, si kanisani wala msikitini, ili wa dini zote waingie. Kila mtu azungumze kwa zamu, anayetaka kunyamaza anyamaze, namna ya kifo haisimuliwi, na yanayosemwa hayatoki mlangoni. Msichangishane fedha mwanzoni, kwa sababu vikundi vyetu vingi huvunjikia kwenye daftari la michango.

Kwa upande wa ziwani, pangeni mikutano siku za mbalamwezi, kwa kuwa ndipo wavuvi wa dagaa huwa nchi kavu na akina baba wanaweza kuja. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, epukeni miezi ya kukausha. Mwalikeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii aje mkutano wa pili au wa tatu, awafahamu kwa majina, ili siku mmoja wenu akizidiwa usiku kuwe na mtu wa kumpigia.